Tupeane uzoefu: mchuzi wa kigeni uliofundishwa na mwenyeji wake

Dada wa Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba hapa tuzungumzie jambo moja tu: mchuzi wa nchi nyingine uliofundishwa kuupika na mtu aliyekua akiula kwao. Ule wa hotelini tuuache, na wa kwenye video pia. Nataka zile hatua ambazo mwenye chakula anazifanya bila kuzitaja, maana mapishi ya mitandaoni huziruka.

Naanza mimi. Niko Doha, nyumba moja na wanawake wa Kenya, Uganda na Ufilipino, jiko moja. Dada mmoja wa Iloilo, Ufilipino, ndiye aliyenifundisha sinigang, mchuzi wao mwepesi wenye uchachu wa ukwaju. Anapoosha mchele, maji ya kwanza anamwaga, ya pili anayaweka kando. Hayo ndiyo yanayokuwa maji ya mchuzi, ndiyo maana sinigang yake haiwi maji matupu. Nyanya na vitunguu vinachemkia humo, mafuta hayaguswi kabisa. Majimbi yanaingia mapema yaive hadi pembe zianze kumeguka, na kinachomeguka kinaupa mchuzi uzito kidogo.

Ukwaju ni ule mbichi, wa kijani. Anauchemsha pembeni mpaka maganda yapasuke, anauponda na mwiko, anachuja, halafu anamimina kidogo kidogo huku akionja. Hapimi kwa kijiko. Baadaye figili, bilinganya, bamia, maganda marefu ya kunde na pilipili ndefu ya kijani ikiwa nzima. Samaki au kamba wanaingia mwishoni wasije wakakakamaa, na mboga ya majani ndiyo inafunga kazi, moto ukiwa umeshazimwa.

Wao wanatumia kangkong, lakini hata matembele wanatia, kwa hiyo walio nyumbani msihangaike. Na samaki wao mkubwa, bangus, ni mwatiko wetu huu huu unaofugwa kwenye mabwawa ya maji chumvi Zanzibar, Mtwara na Kilifi. Mwatiko una miiba mingi, ila kwenye mchuzi wa uchachu ladha yake hailinganishwi na samaki mwingine niliyewahi kuchemsha.

Unga wa paketi wa sinigang upo, na Wafilipino wengi tu wanautumia siku za haraka. Mimi siupendi. Uchachu wake unakupiga ulimini mara moja kisha unapotea, ule wa tunda unakaa.

Karibuni.

Mtu wa Mkunazini

Asante dada. Huku Unguja ukwaju mbichi hauko msimu wote, na ule mkavu wa sokoni unafanya mchuzi uwe mweusi na unatia utamutamu. Nifanyeje?

Dada wa Zamu ya Usiku

Tumia mbirimbi, kaka. Kwao zipo, wanaziita kamias, na wanapikia mchuzi huu huu. Zipasue mbili mbili, zitie nyanya zinapolainika. Embe mbichi nayo inakubalika, hata mapera. Sinigang ya mapera nimeionja, harufu yake ni nzuri sana.

Baharia wa Tanga

Nimefanya kazi melini miaka mingi, na kwenye meli Wafilipino ni wengi kila idara, jikoni ndiyo usiseme. Mpishi wetu mmoja alikuwa na mchuzi wa siku kubwa, kare-kare: mkia wa ng'ombe na utumbo ndani ya mchuzi mzito wa karanga. Nilijua nitaukuta kama wa kwetu. Sivyo.

Kwanza mkia unachemshwa peke yake saa kadhaa, mpaka nyama iteleze kwenye mfupa. Supu haimwagwi. Karanga zinakaangwa kavu na kusagwa, na mchele nao unakaangwa kavu hadi uwe wa kahawia, unasagwa, unatiwa uwe mzito. Huo mchele ndio siri. Bila huo karanga zinajitenga na mafuta yanaelea juu. Rangi inatoka kwenye mbegu nyekundu za atsuete zilizolowekwa. Ua la mgomba, bilinganya na maganda ya kunde hupikwa kando na kuwekwa juu.

Sasa sikilizeni. Nilipoonja mara ya kwanza nikadhani mpishi kasahau chumvi. Mchuzi wenyewe unaachwa bila chumvi makusudi, kwa sababu mezani unaletwa na kibakuli cha bagoong, yaani uduvi waliochachushwa kwa chumvi, wakakaangwa na saumu, vitunguu na nyanya. Unachota kidogo kwa ncha ya kijiko, unakula na nyama na wali kwa pamoja. Kila mtu anajitilia chumvi yake kwa kila tonge. Nikiwa nyumbani natumia uduvi wakavu wa sokoni, nawaloweka na chumvi, nawakaanga vilevile. Si sawasawa, ila familia inaupenda.

Mama Wawili, Mwanza

Mimi nauliza tu kuhusu adobo, ile nyama ya Wafilipino inayopikwa kwa siki na soya. Sosi ya soya huku ni ghali. Na sisi hatuli nguruwe.

Baharia wa Tanga

Dada, kuku anatosha kabisa, na soya si lazima. Wafilipino walikuwa wakipika kwa siki na chumvi kabla Wahispania hawajafika, na kamusi ya Kitagalog ya mwaka 1613 tayari inautaja upishi huo. Soya ilikuja na Wachina. Isiyo na soya wanaiita adobong puti, na mpishi wetu aliipenda kuliko ile nyeusi. Kuku mmoja: siki nusu kikombe, maji kikombe, saumu kichwa kizima, pilipili manga nzima, jani kavu la kunukia, chumvi. Sharti moja: ukishamimina siki usikoroge mpaka ichemke vizuri, ule ukali upande na mvuke. Acha maji yakauke, kuku akaangike kwa mafuta yake mwenyewe. Kesho yake ni mtamu zaidi.

Mke wa Addis

Mimi naleta doro wat, mchuzi wa kuku wa Ethiopia, wa mama mkwe. Ni vitunguu, watu wangu! Vingi kuliko kuku, vimekatwa vidogo sana, vinawekwa kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, unakoroga zaidi ya saa nzima. Ndipo inaingia berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, kisha siagi yao yenye viungo. Kuku anakatwa vipande 12 na mayai ya kuchemsha yanachanjwa kwa kisu mchuzi upenye. Wanaula Fasika, yaani Pasaka yao, baada ya siku 55 za kufunga bila nyama, maziwa wala mayai. Mwaka niliofunga pamoja nao ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakubali vitunguu viharakishwe.

Mtoto wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Hapa Liège, Ubelgiji, jirani yangu mzee alinionyesha carbonade: nyama ya ng'ombe, vitunguu, bia nyeusi. Juu yake anaweka kipande cha mkate alichokipaka haradali, upande wa haradali ukiangalia chini, na mkate unayeyuka wenyewe ndani ya mchuzi. Hakuna unga mwingine. Mimi naula na fufu.

Mama Kichanga

Nilijifungua Dubai, mama yangu akiwa Moshi, visa haikupatikana. Jirani Mfilipina alibisha hodi ameshika sufuria ya tinola: kuku wa kienyeji, tangawizi nyingi iliyokatwa vipande vinene, papai bichi na majani ya mlonge. Akaniambia kwao ndicho anacholetewa mama anayenyonyesha, ili maziwa yaje. Aliniletea wiki nzima. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mlonge huu unaopandwa kwetu kama uzio unapikwa hivyo.

Papai liwe la kijani kabisa, limenywe na kukatwa vipana. Tangawizi na vitunguu vikaangwe kidogo kabla ya kuku. Mlonge utiwe mwisho kabisa, ukipita dakika mbili unakuwa mchungu. Sasa hivi nampikia wifi yangu, amejifungua juzi, na leo kaniomba bakuli la tatu.