Hisa zikianguka: uuze, ung'ang'anie, au upange upya?

Mleta mada: Kila soko la hisa la Nairobi likishuka, ushauri ni ule ule: "Usiuze, hasara si hasara mpaka uuze." Mimi naupinga. Chukueni Safaricom, maana ndiyo hisa iliyoenea kwa watu wa kawaida tangu ilipouzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5. Agosti 2021 ilipita 44. Mwisho wa 2023 ilikuwa 13 na ushee. Aliyenunua kwa 44 kapoteza kama asilimia 70, na ili arudishe chake lazima bei ipande zaidi ya mara tatu. Ile 44 soko halina habari nayo. Jiulize tu: pesa hizi zingekuwa taslimu mkononi leo, ungeinunua hisa hiyo kwa kiasi hicho? Kama la, punguza. Kama ndiyo, basi ongeza, usikae ukilalamika.

Mchangiaji wa kwanza: Upunguze upeleke wapi? Februari 2024 watu walifurika kwenye hati fungani ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba: asilimia 18.46 kwa mwaka na haikatwi kodi. Benki Kuu iliomba bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280! Safaricom wakati huo iko hapo hapo kwenye 13. Mwaka 2025 ikavuka 25, bado hujahesabu mgao wa faida wa 1.20 kwa hisa, mwaka 2024 na tena 2025. Aliyeng'ang'ania alimpita aliyekimbia.

Mchangiaji wa pili: Kawaambie hayo wenye hisa za Mumias, kampuni ya sukari iliyoanguka. Au wa Kenya Airways, waliofungiwa kuuza na kununua tangu Julai 2020 hadi Januari 2025. Uvumilivu wao umewalipa nini?

Mleta mada: Nyote wawili mnatumia matokeo ambayo siku ile hakuna aliyeyajua. Kupanga upya, yaani kurudisha mgawanyo wa pesa uliouamua mwanzo, si kukimbia. Tuseme uliamua nusu hisa, nusu hati fungani, laki moja kila upande. Hisa zikashuka hadi 40,000. Jumla una 140,000, kila upande unatakiwa uwe na 70,000. Kwa hiyo unatoa 30,000 kwenye hati fungani *unanunua hisa*, tena wakati kila mtu anazikimbia. Na zikipanda kupita kiasi, unauza kidogo, hata kama roho inauma. Ila kanuni hii ni ya hisa za kampuni kadhaa kwa pamoja. Ukiifuata kwa Mumias peke yake, utazama nayo.

Jambo jingine: madalali wanakata ada ukiuza na ukinunua, kwa hiyo si kazi ya kila wiki. Mimi ningetumia kwanza riba ya hati fungani, inayoingia kila miezi sita, kuongezea upande uliopungua. Hapo huuzi kitu.

Mchangiaji wa tatu: Hesabu safi, lakini ni ya wenye nacho. Mama mwenye hisa 500 za Safaricom, kwa bei ile ya 13, ana 6,500. Hati fungani za kawaida za serikali zinaanzia 50,000. Asawazishe nini na nini? Na Januari karo inamsubiri.

Mleta mada: Kuna mifuko ya soko la fedha, inayokusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, nayo inapokea hata elfu moja; aanzie hapo. Lakini kama hizo 6,500 ni za karo ya Januari, mimi ningemwambia auze zote leo, iwe kwa 13 au kwa 25.