Tairi na oili ya breki kwa wanaokimbiza gari la kila siku uwanjani: tupeane uzoefu

Mleta mada (Area D, Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Tupo wachache hapa Dodoma tunaopenda kukimbiza magari, na sio barabarani, nasisitiza. Ni kwenye lami iliyofungwa, kwa kibali, koni zimepangwa na kila mtu ana helmeti. Magari yenyewe ndiyo haya haya ya kwendea kazini: Altezza, Impreza, Mark X, na jamaa mmoja wa IST anayetuaibisha kwenye kona. Ubishi wetu hauishi: ukiwa na hela kidogo, uanze na tairi au oili ya breki?

Mimi nasema oili. Chupa mbili hazifikii hata bei ya tairi moja ya maana. Halafu tairi iliyochoka utaisikia inalia na kuteleza mapema, wakati oili iliyochoka inakaa kimya mpaka siku pedeli inagusa sakafu. Leteni yaliyowakuta nyie wenyewe, ya kusimuliwa tumeyachoka.

Fundi wa Chang'ombe
Naunga mkono. Ila watu wengi wanachanganya mambo mawili. Ukikanyaga, pedeli ikawa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama laini mpaka chini, oili imechemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye disiki) na kutoa mvuke. Mvuke unabanika, oili haibaniki, ndiyo maana mguu unaenda bure.

DOT ni daraja la oili, linaandikwa kwenye chupa. Viwango vya chini vya kuchemka kwa oili mpya: DOT 3 ni 205°C, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Ikishanyonya maji kufikia 3.7% zinashuka hadi 140, 155 na 180. Maana yake DOT 4 iliyolala miaka kwenye gari inaweza kuzidiwa na DOT 3 uliyoifungua leo. Na jamani, DOT 5 siyo 5.1! DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Muuzaji akikwambia "ni zile zile tu", aga uondoke.

Mkazi wa Ipagala
Fundi, Dodoma hii kavu mpaka midomo inapasuka, hayo maji yanatoka wapi?

Fundi wa Chang'ombe
Gari lako lilizaliwa Dodoma? Nilifungua Impreza ya mtumishi aliyehamia huku na ofisi kutoka Dar. Kopo la oili lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Rangi peke yake si kipimo, lakini nilipopima, maji yalikuwa yamevuka 3%. Unyevu unapenya taratibu kwenye hozi za mpira na kwenye mfuniko, na wa pwani ulishaingia kabla hujavuka Morogoro. Chupa iliyofunguliwa nayo inanyonya, kwa hiyo nunua ndogo, maliza, tupa.

Msukuma wa Shelui
Mimi nashuka Sekenke kila mwezi na breki hazijawahi kunisumbua. Uwanjani ni habari nyingine kabisa. Sekenke unashuka na gia, breki unazigusa tu. Kwenye koni unatoka 120 unashuka 50, tena na tena, disiki hazipati hata nafasi ya kupumua. Pedeli ilianza kuwa ndefu mizunguko michache tu baada ya kuanza, na oili ilikuwa DOT 3 ya zamani. Siku hizi natumia oili ya Motul RBF 600, ikiwa mpya inafika 312°C. Inanyonya maji kama nyingine, kwa hiyo naibadilisha mapema. Mzunguko wa mwisho naenda polepole bila kugusa breki, nikisimama sivuti hendibreki, naweka gia.

Dada wa Altezza
Oili sawa, ila nani kasema tairi inakwambia mapema? Angalieni ubavuni kama pameandikwa STUDLESS. Magari mengi ya Japani yanashuka bandarini yakiwa na tairi hizo za theluji. Kashata (meno ya tairi) ndefu, kila mtu anakusifia "tairi mpya hizo dada". Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Joto la Oktoba, lami inawaka, mizunguko kadhaa tu na vipande vilikuwa vinabanduka pembeni kama umekata na kisu. Gari lilikuwa linaelea kwenye kona, hakuna mlio wowote wa kukuonya.

Kitu kingine ni umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, siyo DOT ya oili: 3518 ni wiki ya 35 ya 2018. Mimi mtumba wenye umri huo hata kwa bure sichukui, jua la huku limeshamaliza kazi. Na namba ya TREADWEAR, yaani tairi inadumu kiasi gani: 200 inashika sana na kuisha haraka, 500 inadumu lakini inateleza. Kwa gari la kazini nimekaa kwenye 300.

Jamaa wa IST
Hao mnaobishana tairi gani, upepo mnapima? Naanza na 33 psi (kipimo cha upepo) tairi ikiwa baridi. Nikitoka uwanjani napima hapo hapo, nakuta 39 au 40, natoa hadi 36. Nachora chaki kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni: ikifutika mpaka chini ya kialama cha pembetatu, upepo ni mdogo, tairi inajilaza. Ikibaki nzima ukingoni, upepo umezidi. Kabla ya kurudi nyumbani naongeza tena, maana zikipoa zitashuka hadi karibu 30 na barabara ya Morogoro ina malori.

Mleta mada
Dada, kwenye studless nimekubali. Kabla ya Jumamosi kila mtu apige picha ubavu wa tairi zake aziweke hapa. IST, njoo na kipimo chako, changu kinasoma 33 hata kikiwa mfukoni.