Tupeane uzoefu: Ulipiga skrinishoti stori ya mwanao, simu ikakuumbua

Mama Tabata
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wazazi, walezi, mashangazi na wajomba wenye vijana kwenye simu. Umeona kitu kwenye stori ya mtoto, ile inayofutika baada ya saa 24. Ulikihifadhi vipi? Mtoto alijua? Kikafuata nini?

Kwanza tuweke sawa, maana naona watu wanachanganya. WhatsApp haimwambii mtu kwamba stetasi yake imepigwa skrinishoti. Inamwonyesha tu kuwa umeitazama, na ukizima tiki za bluu hata hilo halioni. Instagram kwa stori za kawaida iko kimya pia. Mwaka 2018 walijaribu kuweka arifa hiyo, wakaiondoa mwaka huohuo. Picha inayotoweka uliyotumiwa inboksi ndiyo ina arifa. Snapchat sasa, hiyo ina mdomo: snap, chati, stori, ukipiga tu mwenyewe anajua.

Yangu ni hii. Binti yuko kidato cha tatu, kaaga anakwenda twisheni. Stori ya Snapchat inanionyesha yeye na wenzake ndani ya gari nisilolijua, siti za ngozi, muziki juu. Nikapiga. Arifa nilijua itakwenda, na nilitaka iende. Hazikupita dakika mbili simu ikaita: "Mama, umepiga skrinishoti ya nini?" Nikamjibu, vizuri umejua nimeona, haya niambie gari la nani. Lilikuwa la kaka yake rafiki yake, na alirudi nyumbani kwa daladala. Ningenyamaza nikamsubiri jioni angekuwa ameshapanga uongo wake vizuri.

Hasara yake ni kwamba tangu siku ile naona chipsi, paka na machweo tu. Maisha yenyewe yamehamia pengine.

Baba Pacha_Mwz
Una bahati wewe ulipigiwa. Mimi nilifichwa kimyakimya. Dada yangu wa Morogoro ananiuliza, "Huyu mwanao halali? Saa nane usiku anapost." Kwenye simu yangu mtoto mtulivu, stetasi hana hata moja! Kumbe kuna ile sehemu ya kuchagua watu wa kuwatoa. Humo nilikuwa naishi mimi, mama yake na mchungaji.

Sijamwambia kuwa najua. Shangazi mtu ndiye macho yangu.

Mama Tabata
@Baba Pacha_Mwz shangazi naye akifichwa?

Baba Pacha_Mwz
Kuna binamu. Huyo bei yake ni bando.

fundi_kkoo
Mie natengeneza simu Kariakoo. Mzazi anakuja na simu ya mtoto kaichukua mtoto akiwa bafuni, anataka nimwekee "kitu cha kusoma Snapchat". Huwa nawajibu hivi: kama shida ni arifa, piga picha ile skrini kwa simu nyingine. Hakuna programu itakayojua, na huhitaji fundi.

Programu za upelelezi siweki. Unampa mtu usiyemjua picha na meseji za mwanao azihifadhi kwake. Mwaka 2014 zilivuja picha nyingi za watumiaji wa Snapchat kupitia huduma ya pembeni ya kuhifadhi snap, na nywila watu walikuwa wameitoa wenyewe. Mwaka huohuo FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliibana Snapchat kwa kuwaaminisha watu kuwa picha zinapotea moja kwa moja wakati njia za kuzibakiza zilikuwepo tele.

Halafu kuna ile folda ya siri, My Eyes Only. Ukisahau namba yake, vilivyomo vimekwenda. Baba mmoja nusura anizabe kofi akidhani nimehongwa na mwanawe.

Mamake Swaleh
Mimi niko Mombasa. Natumia Family Center ya Snapchat, ilitoka 2022. Haiwekwi kwa hila: unamtumia mtoto mwaliko, asipokubali hakuna kitu. Naona majina ya aliochati nao siku saba zilizopita, maneno siyaoni. Kijana wangu ana miaka 15. Alikubali kwa sharti kwamba nisimpigie skrinishoti, nami nikakubali.

Kuna jina la mtu mzima lilikuwa likijirudia. Nikamuuliza, akasema ni kocha. Jumamosi nikaenda uwanjani nikamsalimia huyo kocha, nikamwambia mimi ndimi mamake fulani. Ni kocha kweli. Lakini sasa naye ajua mimi ni nani.

mjukuu_wa_mwisho
Nina miaka 20, naomba kusema upande wetu. Nikiwa kidato cha nne mama alipiga skrinishoti stetasi yangu (nimevaa kaptura, basi) akairusha kwenye grupu la ukoo. Mama kuona haikuniuma. Kilichoniuma ni baba mkubwa kunijibu kwa voisi ya dakika sita mbele ya watu wote, mpaka wa Muscat wakatoa maoni. Nikafungua akaunti ya pili, na hiyo mama hajaiona mpaka leo.

Matroni
Huyo wa kaptura alipona. Nimekuwa matroni wa bweni miaka mingi, na kuna la binti aliyemtumia mvulana picha ya utupu akiamini itapotea. Ilipigwa picha kwa simu nyingine, binti hakupata arifa yoyote. Mzazi mmoja akaikuta kwenye simu ya mwanawe, na kwa hasira akaituma kwenye grupu la wazazi "kama ushahidi". Jamani! Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa, na wazazi hawajaachwa nje. Ukikuta kitu hicho, andika jina la akaunti na saa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Ipo pia tovuti ya Take It Down ya kuzuia picha za utupu za walio chini ya miaka 18: picha haitoki kwenye simu, inatengenezewa alama tu ambayo Instagram, TikTok, Snapchat na wengine wanaitumia kuizuia.

Baba Pacha_Mwz
Na WhatsApp?

Matroni
Haifiki huko, meseji zake zimefungwa kwa usimbaji, anayezisoma ni aliyetuma na aliyetumiwa tu. Tulifanya kwa miguu: mimi, mwalimu wa nidhamu na mama wa binti, tukaenda nyumba kwa nyumba, simu zikafutwa mbele yetu. Mmoja alikuwa ameshaituma kwa kaka yake aliyeko chuo Dodoma. Huyo alipigiwa na polisi.