Njia mbili kuwa njia nne: tuulize nini kabla ya mkutano wa mtaa?

Mkazi wa Pembezoni

Wakuu, habari za leo.

Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam kuna mpango wa kupanua barabara ya lami ya njia mbili iwe njia nne. Ni kipande cha kilomita 6 hivi, lami ina upana wa mita 6.5, makutano makubwa ni matatu, na daladala zote za Coaster zinapakia juu ya lami kwa sababu vituo havina sehemu ya kuchepukia. Foleni ya asubuhi inaanza saa 12 na nusu.

Mkutano wa mtaa unakaribia na watu wamegawanyika. Wenye magari na wenye daladala wanataka njia nne hata kesho. Wenye fremu za maduka wanaogopa X, alama ya kubomolewa. Wapo pia wanaosema foleni itahamia mbele tu.

Naomba wanaoijua kazi hii watusaidie. Je, njia nne zitamaliza foleni kweli? Nani analipwa fidia na nani halipwi? Na kwenye michoro tuangalie nini hasa, maana lami ikishamwagwa ndiyo imetoka.

Mataa

Mkuu, anzeni na makutano. Barabara ya njia mbili isiyokatizwa na kitu hupitisha magari kama 1,700 kwa saa kila upande. Kwenye mataa mambo hubadilika. Njia moja ingepitisha kama 1,800 kama kijani kingewaka saa nzima, lakini hakiwaki saa nzima. Mzunguko wa taa ukiwa sekunde 120 na upande wenu ukapewa 40, njia hiyo inapitisha 600 tu. Mkipanua kilomita 6 zote, halafu baada ya makutano ya mwisho barabara ikabana tena, mtakuwa mmetengeneza eneo pana zaidi la kusubiria.

Tatizo la pili ni gari linalokata kulia. Linasubiri mwanya wa wanaokuja, na kwenye njia mbili wote walio nyuma yake wamekwama, hata kama wanaenda moja kwa moja. Dawa yake ni njia fupi ya kusubiria kukata kulia. Gari dogo lililosimama linachukua mita 6 hadi 7 pamoja na nafasi ya mbele yake, kwa hiyo magari 10 yanataka kama mita 65. Mkiona kwenye mchoro imechorwa mita 20, jueni gari la nne litabaki katikati ya njia na shida itarudi palepale.

Tatu, vituo. Coaster ina urefu wa mita 7. Tatu kwa pamoja ni mita 21, bado hujahesabu sehemu ya kuingilia na ya kutokea. Kina kiwe mita 3 au zaidi. Kosa linalorudiwa sana ni kuchimba kina cha mita 2, kisha mkia wa basi unabaki kwenye lami na njia nzima inaziba. Na kituo kiwekwe baada ya makutano, si kabla, la sivyo basi linalopakia linakula kijani cha wengine.

Haya matatu yanaweza kufanyika ndani ya mwaka mmoja, bila kuvunja nyumba nyingi. Mimi ningedai yaanze haya.

Njia Nne Sasa

Kuhusu makutano nakubaliana na Mataa. Kusubiri sikubali. Pembezoni mwa Dar panajengwa kila siku, na kila mwaka unaopita unaongeza nyumba za kufidia. Barabara ya Morogoro ni funzo: kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimetoka njia mbili hadi nane, na nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017 kwa sababu hifadhi ya pale, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, mita 121.5 kila upande, ilikuwa imejaa watu miaka mingi. Kuchelewa hakukumwokoa mwenye nyumba hata mmoja.

Lori likikata ekseli kwenye njia mbili isiyo na bega (nafasi ya pembeni ya kuegesha), gari la wagonjwa halipiti. Hilo halitibiwi na taa.

Hofu ya fremu nayo tuipigie hesabu. Njia nne za mita 3.25 ni mita 13. Kisiwa cha kati mita 2. Njia za miguu mita 2 kila upande, jumla 4. Mitaro mita 1.5 kila upande, jumla 3. Zote pamoja ni mita 22. Kwenye makutano ongeza njia ya kukata kulia na vituo pande zote mbili, unafika kama mita 31. Hifadhi ya zamani ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 45. Kwa hiyo barabara yote hii inaingia ndani ya hifadhi ya zamani. Swali la kumuuliza mhandisi ni hili: kwa nini mchoro wako unataka zaidi ya hapo, na ni wapi hasa?

Kigingi

Kwenye fidia wengi huchanganya. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabika mvamizi, anawekewa X nyekundu na halipwi. Aliyekuwapo kihalali kwenye mita 7.5 zilizoongezwa anawekewa X ya kijani, na huyo ana haki ya kulipwa kabla ya kuondolewa. Kwanza hakikisheni kama barabara iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa) au TARURA (wakala wa barabara za wilaya), kwa sababu barabara za wilaya zina vipimo vyake kulingana na daraja.

Pimeni wenyewe. Futi kamba ya mita 30 au 50, watu wawili, Jumapili alfajiri magari yakiwa machache. Pimeni upana wa lami, gaweni kwa mbili mpate katikati, kisha pimeni kwa pembe mraba kuelekea nyumbani. Kwenye kona watu huvuta kamba mshazari, wanapata namba kubwa, wanajiona salama kumbe siyo. Na katikati ya lami ya leo si lazima iwe katikati ya hifadhi: kama lami iliwahi kusogezwa upande mmoja, tafuteni vigingi vya zege vya mpaka wa hifadhi pande zote mbili na mlinganishe.

Fidia haiishii kwenye thamani ya jengo na ardhi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri wa mzigo wa tani 12 kwa kilomita 20, posho ya makazi, yaani kodi ya soko ya mwezi mara 36, na faida iliyopotea, yaani faida halisi ya mwezi mara 36. Mfano: nyumba ambayo kodi yake ingekuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, posho ya makazi ni 7,200,000. Eneo tupu lisilokaliwa halipati usafiri, makazi wala faida.

Wenye fremu huangukia kwenye faida. Bila hesabu za biashara, na ritani za kodi za TRA zinazolingana nazo, huna cha kumwonesha mthamini. Anzeni kuziweka sawa leo.

Mthamini akija, muwepo. Msisaini fomu yenye nafasi wazi, na kila mmoja abaki na nakala. Jamvi la zege, choo, kisima, ukuta na miti vyote viandikwe. Kitakachojengwa baada ya siku ya kutambua mali hakihesabiwi. Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, malipo yakipita miezi sita yanaanza kudai riba, na uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo lazima ufanywe upya.

Mtaro

Maji hayajatajwa hapa, na ndiyo yatakayowaumiza wasiovunjiwa kitu.

Barabara mpya huja na tabaka mbili za kokoto na udongo ulioshindiliwa, kisha lami. Kirahisi inapanda sentimita 40 hadi 60 juu ya ile ya sasa. Nyumba zilizokuwa usawa mmoja na barabara zinageuka bonde. Ombeni mchoro wa wima, ule unaoonesha kimo cha barabara kila baada ya mita 20 au 25, mlinganishe na vizingiti vya milango yenu.

Mtaro unataka mteremko usiopungua sentimita 50 kwa kila mita 100, vinginevyo mchanga unatuama na mvua za masika zinamwaga kila kitu barabarani. Kalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, za kipenyo cha sentimita 60 huziba, na mtu haingii kuzisafisha. Daini 90. Kubwa kuliko yote, fuateni mtaro kwenye ramani mpaka mwisho wake. Lazima uishie mtoni au kwenye bonde lenye njia ya maji. Mchoro ukimalizia mtaro kwenye makutano na mtaa wa udongo, hapo ndipo mafuriko yatakapoanza.

Ulizeni pia kama fedha za kuhamisha mabomba ya maji ya DAWASA na nguzo za umeme za TANESCO zimo kwenye bajeti ya mradi. Zisipokuwemo, mkandarasi atachimba, atakuta bomba, atasimama, na mtaishi na vumbi na mchepuko mwaka mzima.

Mkazi wa Pembezoni

Shukrani sana, wakuu. Kigingi, swali moja: katikati ya hifadhi ikibishaniwa, nani anaamua?

Kigingi

Meneja wa TANROADS wa mkoa ana ramani za hifadhi. Andikeni barua kupitia mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, muombe mpimaji aje aoneshe mpaka mbele ya wakazi, na nakala ibaki na mhuri wa kupokelewa. Afanye hivyo kabla mtu hajapita na rangi.