Dafodili zimetoa majani bila maua: nilikosea wapi mwaka jana?

Bustani Ndogo

Habari zenu wanabustani. Huu ni mwaka wangu wa tatu kutunza bustani ya nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza dafodili zilichanua theluji ikiwa haijayeyuka yote pembezoni mwa ukuta, zikafuatiwa na tulipu, kisha kichaka cha lilaki kikajaa maua hata harufu yake ikaingia ndani. Mwaka jana, dafodili ziliponyauka, niliona majani yamelala ovyo, nikayakata yote siku hiyohiyo ili pawe nadhifu; na wakati wa baridi nikakipogoa kile kichaka kwa kuwa kilikuwa kimezidi kimo. Sasa dafodili zimetoa majani tele na maua mawili tu, na kwenye lilaki sioni tumba hata moja. Je, nimeviua? Tena, kwa kuwa mchana kumeanza kuwa na joto, ninakusudia kutifua matuta wiki hii na kuhamishia nje miche ya nyanya niliyoiotesha dirishani. Naomba ushauri wenu kabla sijaharibu zaidi.

Mzee wa Jembe

Pole sana, lakini hujaua kitu. Tunguu la dafodili, yaani lile umbo kama kitunguu lililo chini ya udongo, ni ghala: ua unaloliona leo liliumbwa humo ndani mwaka uliotangulia, kwa chakula kilichotengenezwa na majani katika yale majuma ambayo maua yamekwisha na bustani inaonekana imechakaa. Ukiyakata majani yakiwa bado ya kijani, tunguu linabaki na akiba ya kutoa majani mapya tu. Kwa hiyo mwaka huu yaache yasimame kwa muda usiopungua majuma sita baada ya maua kunyauka, na usiyafunge mafundo wala kuyakunja kwa mpira kama wengi wafanyavyo, kwa maana jani lililokunjwa halipati mwanga wa kutosha. Unachopaswa kuondoa ni kichwa cha ua kilichonyauka peke yake, ili mmea usipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu.

Angalia pia kama matunguu yamesongamana. Majani yakishageuka manjano, fukua fungu moja kwa uma wa bustani. Ukikuta yamebanana, yatenganishe na uyapande upya kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wake, yaani tunguu la sentimita 5 lipate shimo la sentimita 10 hadi 15. Matunguu yaliyopandwa juujuu nayo hukosa maua. Kuhusu tulipu usijilaumu zikipungua, kwa sababu aina nyingi za kisasa huchanua vizuri mwaka wa kwanza kisha hufifia, hata zikitunzwa na mtu hodari.

Mama Miche

Mzee amemaliza habari ya dafodili, nami niseme juu ya lilaki. Kichaka hiki hutengeneza tumba zake wakati wa kiangazi, kwenye matawi yaliyokua mwaka huohuo, na tumba hizo hukaa zimefumba kipindi chote cha baridi. Ulipopogoa wakati wa baridi ulikata maua ya mwaka huu pamoja na matawi. Forsithia nayo iko hivyohivyo. Vichaka vinavyochanua mapema hupogolewa mara tu maua yanapokwisha, ili vipate muda wa kutoa matawi mapya. Mawaridi mengi ya kisasa ni kinyume, kwani huchanua kwenye chipukizi za mwaka huohuo, na hupogolewa mwishoni mwa baridi macho ya matawi, yaani vichipukizi vidogo, yanapoanza kuvimba.

Jambo jingine ninalolijali sana: usiharakishe kufyeka mabua makavu ya mwaka jana. Baadhi ya nyuki wanaoishi peke yao hukaa ndani ya mabua yenye uwazi mpaka joto litulie. Kama ni lazima uyakate, yasimamishe mahali pakavu kwenye kona badala ya kuyachoma.

Bustani Ndogo

Shikamooni, na ninawashukuru sana. Nimefarijika, na mkasi nimeuweka kando. Ila udongo wangu mpaka sasa unaganda kwenye viatu nikikanyaga matutani. Je, huo ni wakati wa kutifua?

Mzee wa Jembe

Marahaba. Hapana, na tafadhali ushuke kutoka kwenye tuta! Udongo ulioloa ukikanyagwa au kulimwa hushindiliwa, nafasi za hewa huzibika, na ukikauka hutoa mabonge magumu ambayo utapambana nayo msimu mzima. Chukua udongo wa kujaza kiganja, uufinye, kisha ubonyeze kwa kidole gumba. Ukibaki donge linalong'aa maji, ngoja; ukivunjika na kumwagika kati ya vidole, uko tayari. Mimi huwa sifuati kalenda, bali hupima kwa mkono kila baada ya siku mbili. Wala huna haja ya kuchimba chini sana: tandaza mboji juu, uichanganye kidogo kwa reki, minyoo itamalizia. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yaweke udongo ukishapata joto, na yasigusane na mashina.

Mama Miche

Na hizo nyanya zisubiri, mwanangu. Joto la mchana hudanganya. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ya usiku mmoja inatosha kuua miche yote. Subiri hatari ya jalidi ipite na udongo ufike nyuzi 15 za Selisiasi hivi. Kabla ya kuhamisha, izoeshe miche kwa siku 7 hadi 10: siku ya kwanza itoe saa chache tu kivulini, pasipo upepo mkali, uirudishe ndani jioni, kisha uongeze muda na jua kidogokidogo. Miche ya dirishani ina majani laini, na jua la moja kwa moja huyababua yakawa na mabaka meupe.

Kama mikono inakuwasha kupanda, udongo ukishafaa panda njegere na mchicha wa nchi za baridi, yaani spinachi, kwa kuwa mbegu zake huota hata udongo ukiwa baridi. Na ukishahamisha nyanya, ukasikia jalidi inatabiriwa, zifunike kwa kitambaa chepesi kabla jua halijatua na ufunue asubuhi.