Kikundi cha ukoo, Jumapili jioni

Shangazi: Nimetoka ibadani masikio yanavuma. Magitaa, taa za rangi, moshi! Nimeenda kusali au kwenye dansi?

Kitindamimba: Shikamoo shangazi 😂 Ila vijana walijaa leo, si uliona?

Shangazi: Marahaba. Hata soko hujaa.

Kaka Mkubwa: Shikamoo shangazi. Hicho kinanda cha zamani unachokililia nacho kiliwahi kufukuzwa. Zürich, Uswisi, enzi za Zwingli, yule mwanamatengenezo wa kanisa, karne ya 16, walivinyamazisha vinanda makanisani.

Mjomba: Sisi Wakatoliki tulikililia Kilatini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) lugha za watu zikaingia kwenye Misa. Marehemu mama alinuna, akasema Misa imegeuka maongezi. Haukupita muda, yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Dada: Na Kilatini chenyewe kiliingia hivyohivyo, mjomba. Wakristo wa Roma mwanzoni walisali kwa Kigiriki. Watu walipoacha kukielewa, karne ya 4, wakahamia Kilatini.

Kitindamimba: Kesi imekwisha. Tubadilike tu.

Babu: Haijaisha.

Kitindamimba: Shikamoo babu 🙈

Babu: Marahaba. Nimesoma yote polepole, miwani yangu mnaijua. Ngoma na lugha ni nguo, sigombanii nguo. Lakini Wabaptisti wa kusini mwa Marekani mwaka 1845 walijitenga na wenzao wa kaskazini, wakitaka mwenye watumwa naye aruhusiwe kuwa mmisionari. Utamaduni wa kwao ulikuwa huo, kanisa likaufuata. Kuomba radhi, 1995. Piga hesabu.

Kitindamimba: Miaka 150. Duh.

Dada: Babu, hapo umenipa hoja mimi! Hao ndio waliosema Biblia haibadiliki. Walishika Waefeso 6, watumwa watiini mabwana zenu, wakafunga kitabu.

Babu: Na waliowapinga walishika kitabu hichohicho, Mwanzo 1:27, mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu. Hawakungoja kuona upepo unavumia wapi.

Mjomba: Mzee kapiga penyewe.

Dada: Sawa. Basi na wanawake? Kanisa la Uingereza liliwapa upadre mwaka 1994, askofu wa kwanza mwanamke 2015. Wapo wanaosema ni kufuata dunia. Wapo wanaosema Mariamu Magdalena ndiye aliyetumwa kuwaambia mitume kwamba Bwana kafufuka. Hiyo ni nguo au mwili, babu?

Kaka Mkubwa: Babu anaandika…

Kaka Mkubwa: Kaacha.

Kaka Mkubwa: Anaandika tena 😅

Mjomba: Kwetu upadre ni wa wanaume tu, msiniulize mimi.

Dada: Hatujakuuliza mjomba, tunamngoja babu.

Babu: Bibi yenu anasema nikujibu kesho. Anasema pia yeye ana jibu lake, na hatalituma kwa simu yangu.

Dada: 😂😂 Bibi aongezwe kwenye kikundi!

Shangazi: Jamani, mimi nililalamikia sauti tu. Nani ana namba ya yule kijana wa mitambo?