Chuo cha ujenzi Malindi: tulilipia praktiko, tukapigwa picha

Jamani wa Malindi, uzi huu ni wa hasira na radhi siombi. Chuo sikitaji, wenyewe tunajuana. Nasoma diploma ya usimamizi wa ujenzi, na kila muhula kwenye karatasi ya karo kuna mstari umeandikwa "vifaa vya praktiko, shilingi 3,500". Baba yangu mvuvi, pesa hizo zinasakwa kwa jasho. Nataka mtu aniambie zinaliwa na nani.

Mashine ya kuvunja kyubu za zege tunayo. Iko stoo, imefunikwa turubai, juu yake wamepanga viti vibovu. Kwa msiojua, kyubu ni kipande cha zege cha milimita 150 kila upande. Zege lilelile linalomwagwa kwenye slabu unalijaza kwenye ukungu, kikishika unakiweka majini, halafu kinavunjwa siku ya 7 na siku ya 28 mjue lina nguvu gani. Msimamizi asiyewahi kuliona hilo anasimamia nini, kivuli chake? Sisi kyubu tulichorewa ubaoni. Mwalimu akabuni namba, tukanakili, tukapiga hesabu. Alama zilitoka nzuri ajabu.

Sasa sikieni la picha. Mfumo huu wa CBET, yaani mafunzo ya kupimwa kwa umahiri, unataka mwanafunzi awe na faili la ushahidi kwamba kazi ameifanya kwa mkono wake. Watahini walipokaribia kuja, tukapangwa foleni uani. Koni moja ya slampu, ile ya kupimia ulaini wa zege bichi, helmeti moja, kizibao cha kung'aa kimoja. Unavaa, unainama, unashika koni, unapigwa picha, unamvulia mwenzako. Koni tupu! Hata karai la mchanga hawakuleta. Dada mmoja akauliza, "Mwalimu, na zege je?" Akajibiwa, "Wewe inama tu, kamera haioni ndani."

Noti nazo ni imla kutoka kitabu cha nchi za baridi. Sura ya ratiba ya kazi inasema mradi huchelewa kwa sababu ya theluji. Theluji, Malindi hii! Masika ya Mei hayamo, lori la kokoto linapozama njiani na vibarua wanakaa tu wakisubiri. Jua la Januari halimo, linalokausha zege kabla halijakomaa, na maji ya kulimwagilia unayanunua kwa lori. Chumvi ndiyo hata haitajwi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, chumvi inakula nondo, zile fito za chuma ndani ya zege, nondo ikishika kutu inafura na kupasua zege kutoka ndani.

Hilo la chumvi nimefunzwa saiti, na forimani aliyeishia darasa la saba. Lori lilikuja na mchanga, dereva anaapa ni wa mto Sabaki. Mzee akachota kidogo kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Rudisha. Huu wa baharini." Kisha akanigeukia: "Haya mwanangu, wewe wa diploma, kwenu mnaupima vipi?" Ningemwambia nini? Kwetu tunainama tukapigwa picha.

Kuna na safari ya magofu ya Gede tuliyoilipia, tukaone kuta za matumbawe na chokaa zilizosimama karne na karne. Haijafanyika mpaka leo. Gede, jamani, matatu moja tu!

Najua watakuja watetezi hapa na wimbo wa mgao wa serikali kuchelewa. Sawa, unachelewa. Kuondoa viti juu ya mashine nako kunahitaji mgao?

Jengo la Huruma, Nairobi, lilipoporomoka Aprili 2016 wakafa watu zaidi ya 40, kila mtu aliuliza aliyekuwa akisimamia ni nani. Sheria ya NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, ya 2011 inataka kontrakta asajiliwe na msimamizi wa saiti atambuliwe rasmi. Mimi nitatambuliwa kwa cheti kilichotokana na picha nimekumbatia koni tupu, kisha nikabidhiwe ghorofa la watu. Na likidondoka, chuo hakitaitwa mahakamani. Nitaitwa mimi.

Tunachotaka: mashine ifanye kazi muhula huu huu, au 3,500 zetu zirudi, pamoja na za Gede. Barua inakwenda kwa mkuu wa chuo Jumatatu. Mwenye risiti aipige picha anitumie inboksi, lakini afunike jina lake na namba ya usajili, maana tumeshatishwa kwamba atakayefungua mdomo atakiona cha moto kwenye matokeo. Na nyinyi mliosoma vyuo vya Mombasa na Kilifi, semeni kweli: kyubu mlivunja, au nanyi mlipangwa foleni?